Kibao cha Chumvi

Mimi Shizue napenda usafi. Mume wangu, Yasuzo, hunitania kwamba siku moja nitaipiga brashi hata mvua. Usafi huohuo ndio ulioniponza, na mpaka leo najuta.

Tunaishi Nagaoka, Japani, karibu na mji wa Kioto. Tunalima mianzi na kuuza machipukizi yake huko Kioto, ambako huliwa kama mboga. Mwaka ule magoti ya mama mkwe yalikataa ngazi, tukaamua kumjengea chumba cha chini, uani.

"Tutoe taarifa manispaa kwanza," nilimwambia Yasuzo. "Si wanasema chini huku kuna mji wa kale?"

"Achana nao! Wakija hao na vijiko vyao, Mama atalala sebuleni hadi mwakani."

Nikamwachia. Akachimba. Shimo lilipofika kiunoni, akatoa kipande cha ubao kilicholowa tope, kirefu kama kiganja. Mama mkwe akakisogeza karibu na pua.

"Ala! Kina wino. Hapa pameandikwa chumvi. Na hapa chini kuna jina la mtu. Ngoja nikalete miwani."

Akaenda polepole, na magoti yake yale. Mimi nikaona haya kumpa mzee kitu kichafu. Nikakisugua kwa brashi ya jikoni, nikakianika juani kwenye ungo, pamoja na vipande vya figili.

Aliporudi amevaa miwani, wino haukuwepo. Kufikia saa nane ubao ulikuwa umejikunja na kupasuka.

"Jamani, Shizue," alisema. "Jamani." Afadhali angenigombeza.

Kesho yake nilipiga simu manispaa mwenyewe. Akaja Bi Hamaguchi, mtaalamu wa mambo ya kale, amevaa buti za mpira. Alikitazama kibao, akashusha pumzi.

"Dada, hiki kilifungwa kwenye mzigo. Mji mkuu wa Japani ulikuwa hapa hapa, kabla ya Kioto. Mfalme aliuhamishia hapa mwaka 784. Miaka kumi tu, akahama tena. Watu wa mikoani walileta kodi yao: chumvi, samaki, mchele. Kibao kilitaja mzigo, na mara nyingi jina la aliyeutoa."

"Miaka elfu moja na mia mbili! Mbona hakikuoza?"

"Tope lilikilinda. Hewa haikukifikia. Kikikauka ghafla, basi tena. Ukiona kingine, usikisugue, usikianike. Kiache kwenye tope lake, utuite. Kama kimeshatoka, kitie kwenye ndoo ya maji safi, uifunike."

"Na hilo jina?"

"Wino uliofifia tuna kamera ya kuusoma. Uliosuguliwa ukatoka, hapana."

Moyo uliniuma. Mtu yule jina lake lilikaa udongoni miaka yote hiyo, nami nimelifuta kabla ya chakula cha mchana!

Yasuzo aliinama mpaka kiunoni kuomba radhi. "Kosa ni langu. Sikutoa taarifa."

"Ndiyo, ni lako," akajibu Bi Hamaguchi. "Taarifa hutolewa miezi miwili kabla ya kuchimba."

Walichimba wiki tano. Mama mkwe alilala sebuleni, na wala hakulalamika. Kutwa alikuwa dirishani akiwachungulia. Vilipatikana vibao vinne. Vyote vikaingia kwenye ndoo, na vyote vikasomeka. Ndipo chumba kikajengwa. Siku hizi jirani akitaka kuchimba hata choo, huja kuniuliza. Namwambia: simu kwanza, jembe baadaye, na ndoo ya maji iwe karibu.

Mwaka uliofuata manispaa walifanya maonyesho. Tukaenda. Vibao vinne vilikuwa ndani ya maji, kila kimoja na jina la mtu chini yake. Cha tano kilikuwa kikavu, kimejikunja. Karatasi yake ilisema: "Chumvi, kwa maelezo ya bibi aliyekiona. Jina halijulikani."

Mama mkwe alitoa miwani, akaivaa, akainama juu ya kioo muda mrefu.

"Mama, hakuna kitu pale," nilimwambia.

"Najua," akasema. "Lakini alikuja kutoka mbali na chumvi yake. Angalau tumtafute kidogo."