Nafasi ya Chiriku

Majibu ya chuo cha udaktari yalipoingia kwenye simu, Chiriku hakupiga kelele. Hilo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi, maana jina hilo la utani alipewa utotoni kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Aliitazama simu, akasema, "Wamenichukua," kisha akaendelea kukata vitunguu.

Dada yake naye alikuwa ameshika simu yake. Ujumbe wake ulikuwa mrefu, wenye adabu nyingi, na maana yake ilikuwa hapana.

Chuo hicho huchukua wachache mno, na kabla ya kumchukua mtu humketisha mbele ya maprofesa wamhoji mpaka jasho limtoke. Dada alikuwa akiomba kwa mara ya pili. Yeye ndiye kichwa cha nyumba ile. Chiriku alivuka madarasa chupuchupu, tena kwa kufundishwa na Dada huyo huyo. Kwa hiyo iliuma, iliuma vibaya sana, na Dada alikwenda uani akalia mpaka macho yakavimba. Kisha akanawa uso, akarudi jikoni kumpongeza mdogo wake. Alipomkumbatia alisikia shingoni mwake harufu ya simenti mbichi.

Jioni moja umeme ulikatika. Dada aliingia chumbani kutafuta mshumaa, akasikia kurasa zikifunuliwa, moja baada ya nyingine, haraka kuliko jicho la mtu linavyoweza kusoma, na alipomulika kwa simu alimwona Chiriku ameketi wima kitandani, kitabu mapajani, uso umeelekea ukutani, midomo ikisema maneno ya kitabuni bila kukitazama, na ile harufu ya simenti imejaa chumba kizima kana kwamba kuta zimepigwa lipu asubuhi ile.

"Chiriku," alinong'ona.

"Funga mlango, Dada. Nasoma."

Alikwenda moja kwa moja kwa mama yao. "Mama, yule si Chiriku."

"Wivu huo, mwanangu," mama akamjibu kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko matusi. Baba, fundi seremala, alimwambia ajifunze kufurahia cha mwenzake. Mtaani nako zilivuma habari kwamba kukosa chuo kumemvuruga akili. Nani angemsikiliza? Aliyekosa hana neno la kusema juu ya aliyepata, hata nyumba ikiwaka moto.

Mpaka mchana mmoja mama alipomwita Chiriku, zikamwitikia sauti mbili. Moja ilisema, "Abee." Nyingine, ndogo, ya mbali, ilikuwa ikilia. Sahani ilimponyoka mama. Baba mwenyewe ndiye aliyekwenda kumleta mganga.

Mganga alikuwa mzee asiye na maneno mengi. Alifukiza ubani chumbani, akamwuliza aliyeketi kitandani, "Wewe nani?"

Jibu lilikuja kwa sauti ya mtu mzima, tulivu, kama mwalimu asiye na haraka. "Aliniita mwenyewe. Alikuwa akijisomea kwenye jengo moja la mtaani lisilomaliziwa, akalia, akasema yeyote anayesikia amsaidie. Nilisikia."

"Toka."

"Nitatoka, sigombani na mtu. Ila maprofesa walinihoji mimi. Nikitoka, natoka na yote niliyowajibu. Huyu mtarudishiwa kama alivyokuwa, na chuo kitampa mwingine nafasi yake."

Kisha uso ukalegea, machozi yakaanza kutiririka, na sauti ya Chiriku, Chiriku mwenyewe, ikasema, "Baba, nitoe. Huku giza, sioni mlango."

Mganga aligeuka. "Mmemsikia. Nimtoe?"

Nje jirani alikuwa akipita, akaita kwa furaha, "Mama Daktari, hodi!" Mama alifungua kinywa kuitika, kisha akakumbuka alipo. Baba alikuwa akiitazama mikono yake iliyojaa makovu ya msumeno.

"Mganga," akasema mwishowe, "huo udaktari husomwa miaka mingapi?"

"Mimi mambo ya shule siyajui."

"Mitano," kikajibu kinywa cha Chiriku. "Na mmoja wa kufanya kazi hospitalini."

Baba akamgeukia mganga. "Anamwumiza?"

"Amemkalia," mganga akasema. "Na kadiri anavyokaa, mwenye nafsi anazidi kusukumwa pembeni."

"Basi akimaliza tutakuita."

"Baba, anayelia ni Chiriku," Dada akasema.

Baba alimtazama kwa mara ya kwanza tangu majibu yatoke. "Wewe ulikosa. Usitake mwenzio naye akose."

Mganga alizima ubani. Alisema yeye hamtoi mgeni ambaye wenye nyumba wamemkaribisha, akajitwika mfuko wake. Baba akamsindikiza. Mama akafunga dirisha, jirani asisikie kilio, kisha naye akatoka bila kumtazama yeyote.

Dada alibaki, akaishika mikono ya mdogo wake. Ilikuwa ya baridi, imekakamaa.

"Dada," ile sauti ndogo ikauliza, "mganga yuko wapi?"

"Anakuja," Dada akamwambia, huku akimsikia baba getini akimuaga mzee yule na kumshukuru.