Siku Zenzi Alipokuwa na Adabu

Jumamosi ile soko la Viktualien mjini Munich lilikuwa limejaa pomoni, na Henning Lorenzen, fundi wa lifti kutoka Flensburg, kaskazini kabisa mwa Ujerumani, akarudi nyuma kumpisha bibi mmoja mwenye mbwa. Kumbe nyuma yake palikuwa na meza ya figili. Zikamwagika zote miguuni mwa watu.

"Msalaba na sakramenti, una macho au vifungo vya shati?" Mwenye meza alikuwa Kreszenz, ambaye soko zima lilimwita Zenzi: mama wa miaka hamsini na mbili, mashavu mekundu kwa baridi, aproni ya buluu juu ya sweta mbili. "Bwege wewe. Mprusi nguruwe wa kaskazini. Hata ng'ombe ana akili kukushinda."

"Samahani sana, bibie," alisema Henning, akapiga magoti kuokota.

"Eti bibie. Okota na zile za chini ya mkokoteni, kichwa maji."

Aliokota zote. Wiki iliyofuata akarudi kununua, na iliyofuata tena, ingawa figili zilikuwa zikimchoma tumbo.

Zenzi alikuwa mpweke, tuseme ukweli. Mamake alikuwa amefariki Februari. Mama na mwana walikuwa wametukanana maisha yao yote, toka kahawa ya asubuhi hadi kuzima taa, huyu akiitwa mbuzi na yule kichaa, na hawakuwahi kununiana hata siku moja. Sasa kwake, mtaa wa Giesing, kulikuwa kimya, friji ndiyo iliyonguruma peke yake. Kwa watu wa Bavaria kama yeye adabu ni ya watalii na polisi. Anayetukanwa ni wa nyumbani.

Basi Henning akawa wa nyumbani. Kila jioni simu ililia.

"Umekula, zuzu?"

"Nimekula, kipenzi changu."

"Usiniite kipenzi, nitatapika. Umekula nini?"

"Mkate na jibini."

"Mwanamume mzima unalala na mkate na jibini. Kesho njoo nikupikie, ng'ombe wewe, usije ukanifia."

Pentekoste ilipofika, Wiebke, dada yake Henning, akaja kutoka Flensburg. Zenzi alivaa gauni lake la kienyeji, la kijani, lenye aproni ya hariri, akasuka nywele, na moyo ukamdunda njia nzima. Wakaketi bustani ya bia, nyama ya nguruwe ikaletwa.

"Mpe dada yako chumvi, bwege wangu," alisema, kwa sauti tamu kuliko zote alizokuwa nazo.

Wiebke akaweka uma chini, na hakula tena.

Jioni Henning alipiga simu. "Zenzi, nakuomba kitu kimoja. Usinitukane tena. Dada yangu ameumia sana."

"Sawa," alisema Zenzi. "Sawa, Bwana Lorenzen."

Na neno lake alilishika. Habari za asubuhi, Bwana Lorenzen. Figili ngapi leo, Bwana Lorenzen? Aliona amefukuzwa nyumbani, ametupwa huko kwa watalii, basi naye akakaa huko huko. Henning naye alimsikia akalipa haraka akaenda zake. Mkewe wa zamani alimwambia tafadhali na asante kwa miaka ishirini, kisha akamwandikia barua nzuri ya kumwacha. Sauti ile aliijua.

Julai mkataba wa kazi wa Henning ukaisha.

"Wananiuliza kama nabaki mwaka mwingine," alisema akiwa mbele ya meza. "Wewe unaonaje?"

"Amua upendavyo, bwana. Nakutakia safari njema."

Alimfungia figili vizuri kwenye gazeti, akaenda nyuma ya masanduku ya kabichi akalia.

Treni ya Henning iliondoka Alhamisi saa nne asubuhi. Saa nne na nusu, wateja wakiwa kwenye foleni, Zenzi akashindwa kuvumilia. Akapiga.

"Mjinga wewe," alisema mara simu ilipopokewa. "Zuzu, beberu, Mprusi nguruwe usiye na haya. Mtu anakuambia nenda na wewe unakwenda? Mbingu na sakramenti, nani alikufundisha mapenzi, lifti?"

Muuza soseji wa jirani akavua kofia. Zenzi alitukana kwa ng'ombe, kwa nguruwe na kwa vyombo vyote vya kanisani, mpaka matusi yakamwishia, jambo ambalo halikuwahi kumpata tangu azaliwe. Upande wa pili yalisikika magurudumu tu.

"Henning?" Hakuwahi kumwita kwa jina lake. "Naogopa kurudi nyumbani peke yangu."

"Nashuka Nuremberg, nageuza," alisema Henning. "Dada yangu nitaongea naye mwenyewe. Lakini ukiniita bwana tena, Zenzi, nitakuacha kweli."

Zenzi akaitikia kwa kichwa, tena na tena, akasahau kwamba haonekani.