Miaka Minne ya Chokoleti za Kahawa

"Ngoja! Hizo chokoleti za kahawa usiziyeyushe, ni zako," nilimwambia mchumba wangu, nikampokonya mfuko.

Sikukuu ilikuwa imepita wiki nzima, na meza ya jikoni kwangu bado imejaa. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Wazazi wakishukuru, wanashukuru kwa makopo ya chokoleti. Jumamosi hiyo tuliamua kuzimaliza: tuziyeyushe juu ya sufuria ya maji moto, tuchanganye na biskuti zilizovunjwa, juu tunyunyize pipi za mnanaa zilizopondwa, nipeleke kazini. Tofi zilizogandana na karatasi zake tulizitupa, Mungu atusamehe.

Ila za kahawa huwa sizichanganyi. Kila sikukuu nazichambua moja moja namwekea yeye, kwa kuwa mwaka wa kwanza alikula moja akasema tamu.

Tulikuwa tunacheka, lakini mimi moyo haukuwepo. Barua ya uhamisho ilikuwa juu ya friji. Hospitali kubwa, cheo kikubwa, safari ya saa nane kwa basi. Jibu lilitakiwa Jumatatu.

"Umeifikiria ile barua?" nikamuuliza huku nakoroga.

"Utakavyoamua wewe, mpenzi. Mimi sina neno."

Hana neno! Nikimuuliza tarehe ya harusi, hana neno. Juzi nilimwandikia: "Nikihama, sisi itakuwaje?" Akajibu: "Usijali kuhusu mimi." Mwanaume anayekuacha uondoke bila hata kukunja uso, anakupenda kweli huyo?

Simu yake ikaita. Dada yake. Yeye mikono imejaa chokoleti, nikapokea mimi, nikaweka spika.

"Wifi, mnafanya nini huko?"

"Tunamalizia chokoleti za sikukuu. Kaka yako nimemwekea za kahawa, kama kawaida."

"Za kahawa? Huyo huyo? Wifi, huyo tangu utotoni akinusa kahawa tu anatapika!"

Nikamgeukia. Fundi mzima wa friji, anaangalia vidole vya miguu yake.

"Dada, tutakupigia," akasema, akakata simu kwa kidole chenye chokoleti.

"Miaka minne?" nikauliza.

"Huwa nazimeza nzima nzima. Na maji."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha kicheko kikanikatika.

"Na nini kingine umenimezea?"

Akachukua kisu, akaanza kukatakata chokoleti iliyobaki.

"Sema. Jumatatu naandika jibu, na sijui kama naacha mtu anayenitaka au naacha jirani mwema."

Akaweka kisu chini.

"Nilipoiona hiyo barua nilitamani kuichana. Sitaki mimi niwe huku na wewe kule. Nilinyamaza kwa sababu umeisubiri hiyo nafasi tangu nikufahamu. Ningesema baki, ungebaki, halafu siku moja ungenichukia."

"Nani kakuambia ningebaki?"

Akashtuka.

"Nakwenda," nikasema. "Nilishaamua. Nilichokuwa nangoja ni kujua kama itakuuma."

"Inaniuma sana. Basi na mimi nakuja. Friji zinaharibika kila mahali."

Machozi yakanitoka, mjinga mimi. Nikasogea pembeni yasidondokee kwenye chokoleti. Nilikuwa na furaha ambayo sikuijua tangu barua ile ifike.

"Lakini mama hatakubali tuhame hivi hivi bila ndoa," nikasema nikijifuta. "Mimi nitangulie, harusi tufanye mwezi wa sita, ndipo unifuate. Sawa?"

"Hapana."

Nikadhani nimesikia vibaya. Miaka minne sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

"Hapana," akarudia. "Mwezi wa sita ni mbali. Nataka mwezi ujao, kabla hujaondoka. Na sitaki watu mia tatu. Na ile suti ya kijivu aliyoninunulia mama yako, siipendi."

Nikazima jiko, nikavuta kiti.

"Na mengine?"

Alikuwa nayo mengi. Nilikaa nikamsikiliza mpaka chokoleti ikaganda kwenye bakuli.