Viatu vya Kuazima

Wiki ya mwisho ya Ramadhani, Usita wa Mui haupitiki. Ndiyo ndia kuu ya mji wa Amu, yaani Lamu, lakini punda wawili wakikutana hapo, mmoja lazima arudi nyuma. Mwaka ule, wa kwanza baada ya vita vya Mjarumani kwisha, kila mtu alitaka nguo mpya ya Idi. Radhiya alikuwa anapita na kifurushi cha kofia alizozishona mwenyewe, buibui limemfunika mpaka kwenye nyusi, punda mwenye magunia ya chokaa akamsukuma mpaka ndani ya duka la mshona makubadhi. Punda hana adabu, lakini siku ile alifanya kazi ya mshenga.

"Samahani, bwana. Nimesukumwa."

"Hapana neno, bibi. Wengine nawaita kwa mdomo hawaji. Wewe umeletewa dukani."

Mshonaji huyo, Shekhan, alikuwa kijana wa Pate, mrefu, kanzu yake imekunjwa mikono, sindano ya ngozi kidoleni. Hakumtazama Radhiya uso. Alimtazama miguu.

"Makubadhi hayo ni ya kiume," akasema. "Mguu wako unaogelea humo."

"We, mato yako yana kazi gani miguuni mwa watu?"

"Ndiyo riziki yangu. Wenzangu hutazama nyuso wakapigwa. Mimi hutazama miguu nikalipwa."

Radhiya alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Akajibu kwa utaratibu: "Ni ya mume wangu. Alikwenda na wapagazi wa vita mwaka wa juzi. Alisema huko watapewa viatu, akayaacha haya mlangoni. Hatujapata habari yake mpaka yeo."

"Jina lake nani?"

"Amini bin Twahir."

Sindano ilimponyoka Shekhan. Alikaa kitambo akiitafuta chini, na ilikuwa pale pale mbele yake. Miezi mitatu tangu arudi alikuwa amepita mara tatu mbele ya nyumba ya Amini, na mara zote tatu miguu ilikataa kusimama.

"Bibi," akasema, "nilikuwa naye. Mwambie mamake nitakuja baada ya alasiri."

Alikwenda. Akaketi katika daka, kibaraza cha mlangoni mwa nyumba, na nyuma ya pazia wakaketi Radhiya na Bi Mwanamkisi, mamake Amini, ambaye pia ni shangazi yake Radhiya, maana Amini na Radhiya walikuwa mtu na binamu yake. Shekhan akawaeleza kwamba Amini amekufa kwa homa, hospitalini, juu ya kitanda chenye shuka nyeupe, shahada mdomoni, amezikwa kwa sanda na watu wengi. Bi Mwanamkisi alisema "Inna lillahi", akamshukuru, asilie hata chozi. Watu walisema mama yule ana subira. Mimi nasema haikuwa subira, na mtaona.

Kadhi, Sheikh Jeilani, alimwapisha Shekhan na mwenzake Obeid, aliyekuwa naye huko vitani. Obeid baadaye akaenda zake Kismayu. Kadhi akasema Radhiya ni mjane, na eda yake imekwisha, kwa kuwa eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya kufika habari.

Basi miezi ikapita, na ajabu ni jinsi makubadhi ya Radhiya yalivyoanza kukatika. Leo ukanda, kesho kisigino.

"Haya nayo yamefanya nini?" Shekhan humuuliza.

"Yamekatika yenyewe."

"Kwa kisu?"

"Kelele! Shona kazi yako."

"Nashona, muhibu. Lakini ningekushonea nyumbani ungeokoa ngozi."

Hivyo ndivyo alivyoposa. Wazee walikwenda, wakaitikiwa, Bi Mwanamkisi akatoa ruhusa, kwa kuwa kadhi amekwisha hukumu, nikaha ikapangwa Ijumaa ya mwezi uliofuata. Radhiya alikwisha anza kushona kofia ya bwana harusi, vito vidogo vidogo, vitundu vya sindano na uzi, usiku na mchana. Zimebaki siku kumi, sinema ikaingia mjini.

Aliileta Mhindi mmoja kutoka Mombasa, na mashine yake ya kuzungusha kwa mkono. Baada ya isha alitandaza shuka kubwa kwenye ukuta wa ghala la pwani. Wanaume wakakaa chini kwenye mchanga, wanawake wakajaa juu ya madari, mapaa ya nyumba za jirani. Hapana aliyekuwa ameona picha zikienda. Farasi alipokuja mbio, safu nzima ya mbele ilikimbia, na mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani, jina lake nalihifadhi, aliacha kilemba.

Kisha vikaja vita. Mhindi akapaza sauti: "Hawa ndio vijana wetu, wanamfukuza Mjarumani!" Wapagazi wakapita mstari mmoja, sare mpya, viatu vinang'aa, masanduku ya risasi begani, wanacheka. Wajarumani wamelala chini wamekufa, kifudifudi, makoti juu yao. Na katikati ya mstari, sanduku begani, meno yote nje, alipita Amini.

"Mwanangu!" Sauti ya Bi Mwanamkisi ilitoka juu ya dari. "Mwanangu yu hai! Yule pale!"

Mji mzima ulimwona. Mtaa wa Langoni walimwona, mtaa wa Mkomani walimwona. Mwenye macho haambiwi tazama. Mhindi amesema "wanamfukuza", hakusema "walimfukuza"; basi yuko huko anafukuza. Chini, Shekhan alisimama akapiga kelele kwamba picha ni ya zamani, ilipigwa pwani ya Mombasa kabla hawajasafiri, masanduku ni matupu, viatu ni vya kuazima, na hao maiti wa Kijarumani walikuwa wapagazi wenzake.

"Na mmoja wao ni mimi!" akasema. "Yule anayejikuna mguu!"

Watu waliangua kicheko. "Maiti gani ashonaye makubadhi?"

Asubuhi yake hawakucheka tena. Walisema: mchumba ana haja mume awe amekufa. Kadhi akaiahirisha nikaha. "Mwanamke mwenye mume hai haozwi," alisema, "na mimi sitabeba mzigo huo mbele ya Mola kwa neno la mtu mwenye lake. Obeid naye hayupo nimuulize." Hakukosea. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo.

Radhiya alikwenda dukani. Safari hii makubadhi yake yalikuwa mazima.

"Shekhan, niambie tena. Viatu vile."

"Vya kuazima, roho yangu. Mzungu mmoja alikuja na sanduku lake la miguu mitatu. Tukavishwa, tukapita mara nne huku na huku, tukavuliwa. Siku ya pili tukapanda meli miguu mitupu. Nikwambie? Mtu aliyepiga picha ile hakuona vita hata siku moja. Katika vita hapana mtu mnene. Hapana achekaye na sanduku begani. Na miguu! Miguu yetu iliota funza, ikaoza, watu walitambaa. Sinema ile ni uongo kutoka vidoleni mpaka utosini."

Radhiya aliyatazama makubadhi yake. Kisha akasema polepole: "Mtu miguu inaoza, anatambaa, chakula hana. Na Amini wewe ulisema alikuwa na kitanda. Na shuka nyeupe."

Shekhan akashika ngozi, akaiacha.

"Kitanda kilikuwapo?"

"Radhiya..."

"Kilikuwapo, hakikuwapo?"

"Hakikuwapo."

"Sanda?"

Akatikisa kichwa. Njia ya mwongo ni fupi, hata aliyedanganya kwa huruma.

"Basi mna tofauti gani, wewe na Mhindi?" Radhiya akajivuta buibui. "Yeye kamvisha mume wangu viatu, wewe umemtandikia shuka. Nimwamini yupi? Nilikupenda kwa sababu nilidhani wewe peke yako ulirudi na habari ya kweli."

"Nilimhurumia mamake."

"Ulijihurumia wewe, usiyaseme. Usinitumie mtu, wala salamu."

Akaondoka. Shekhan alikaa na ngozi mkononi mpaka adhana ya adhuhuri, na aliumia, kwa kuwa Radhiya alikuwa amesema kweli. Kupoteza mke kwa uongo wa mtu mwingine kungekuwa msiba. Huu ulikuwa wake mwenyewe.

Baada ya sala alimwendea Mhindi, aliyekuwa anakunywa chai ya tangawizi kando ya mashine yake.

"Utepe wako wa vita unakwisha wapi?"

"Maiti wakilala, mimi naziba taa."

"Kwa nini unaziba? Utepe umekwisha?"

Mhindi akakuna kidevu. "Umebaki kidogo. Lakini mbaya. Nikionyesha, watu watanicheka."

"Onyesha," Shekhan akasema. "Watanicheka mimi. Nimekwisha zoea."

Akamwendea kadhi, akamwomba jambo moja tu: aje aone kwa macho yake. Sheikh Jeilani hakuwa mtu wa michezo, lakini haki ni haki. Baada ya isha alikuja na kiti chake. Juu ya dari, Radhiya alikaa kando ya shangazi yake, akimshika mkono.

Farasi akapita, hakukimbia mtu. Wapagazi wakapita. Bi Mwanamkisi akamnong'oneza mwanawe kwenye shuka, "Nenepa, baba, nenepa." Maiti wakalala. Mmoja akainua mguu, akaukuna wa pili. Chungu wanaouma hawajui sinema. Hapo ndipo taa huzibwa. Haikuzibwa.

Maiti waliamka. Wote, wakapangusa mchanga, wanatema mate, wanapigana makofi ya mgongo. Sanduku la risasi likadondoka, likafunguka, halina kitu. Amini akaja mbele, amekwisha vua viatu, amevining'iniza shingoni, akampa mkono yule maiti wa chungu, akamwinua. Maiti akageuza uso. Alikuwa Shekhan, mnene, kijana, hana mvi hata moja. Na Shekhan yule yule alikuwa ameketi pale mchangani karibu na kiti cha kadhi, mwembamba, mvi zimemjaa pembeni.

Hapana aliyecheka. Sheikh Jeilani akatazama shuka, akamtazama mtu, akasema, "Picha hii ni ya kale. Haina ushahidi juu ya yeo. Viapo vya mwanzo vimesimama."

Mji ukaelewa. Radhiya akahisi mkono wa shangazi yake ukilegea ndani ya wake.

Siku ya pili, baada ya alasiri, Shekhan aliitwa. Aliketi katika daka lile lile.

"Nieleze," alisema Bi Mwanamkisi nyuma ya pazia. "Safari hii usinipambie."

Akaeleza. Ilikuwa karibu na mto Rufiji, wakati wa mvua. Amini aliharisha damu siku sita. Siku ya saba akaketi chini ya mti wa miba akasema hainuki. Amri ilikuwa mstari usisimame. Shekhan alisimama, akachapwa viboko kwa hilo, mgongo wake ungali unaonyesha. Amini hakuwa na shahada mdomoni, alikuwa na kiu. Aliomba mai, akapewa ya kwenye matope, hakuna mengine. Shekhan ndiye aliyesoma shahada, na mdomo wa Amini ukatikisika, Mungu ndiye ajuaye. Walimzika wao wawili, yeye na Obeid, kwa mikono na bakuli la chakula, ndani ya kikoi cha Shekhan.

"Nilificha," akasema. "Nilisema, mama gani atastahimili haya? Nisamehe. Na wewe, Radhiya, nisamehe."

Kisha Bi Mwanamkisi akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha miaka miwili, jirani wakatoka milangoni.

"Yule wa kitandani sikumjua," alisema alipopata pumzi. "Wallahi sikumjua. Nitamlilia vipi mtu simjui? Mwanangu tangu mdogo hajalala kitandani akaumwa akanyamaza. Huyu wa kiu namjua." Akajifuta kwa upande wa kanga. "Kesho mtanisomea hitima yake. Nilikuwa nakataa, nikisema moyo haujaniambia."

"Inshallah, mama."

"Nina swali moja tu. Jana nilimwona akikuinua, mdomo wake unakwenda. Ile mashine haina sauti. Alikwambia nini?"

Shekhan alifumba macho. Radhiya, nyuma ya pazia, aliisimamisha sindano juu ya kofia, maana alijua kwamba hapa ndipo mtu angeweza kusema lolote. Mama anangoja, mfu hatakanusha, na mji mzima hauna aliyesikia. Angeweza kusema alimtaja mamake. Angeweza kusema alimwachia mke wake.

"Alisema," Shekhan akajibu, "'Inuka, we maiti, wali unakwisha, na wewe ukichelewa nakula wako.'"

Bi Mwanamkisi alicheka. Alicheka na machozi yanamshuka, akajipiga paja. "Huyo! Huyo ndiye mwanangu, Mungu amrehemu. Akala wako?"

"Akala."

"Asingekula ningeshangaa." Akageuka kwa Radhiya, ambaye kichwa kilikuwa kimeinama juu ya kofia ya vito, isiyobakia ila ukingo. "Radhiya, mwanangu, mpe mtu kofia yake apime. Nikaha ni Ijumaa hii, na bibi harusi nitamvisha mimi."

Mkono wenye hina ukapita chini ya pazia, na kofia. Shekhan akaivaa.

"Imekuwaje?" Radhiya akauliza.

"Nzuri sana, muhibu."

"Shekhan."

Akaishika tena kichwani, akaisogeza huku na huku.

"Inanibana," akasema. "Kwenye sikio."

"Ilete nikuongezee," Radhiya akasema, na sauti yake ilikuwa inacheka.