Saa ya Bosibori Haichoki

Kila asubuhi ya likizo ilikuwa ile ile. Celine alimaliza kukama ng'ombe, akafunga saa mkononi, akatoka mbio kwenye njia nyekundu inayokata mashamba ya majani chai. Aliporudi akihema, nyanya yake alimuuliza swali lake la kila siku: "Na leo ulikuwa unafukuzwa na nani?"

Celine alimwonyesha saa mkononi. Tangu Mwalimu Omollo aletewe zile saa na mwanafunzi wa zamani wa shule yao, wasichana wa timu ya mpira hawakuwa na raha. Saa zilihesabu hatua na mapigo ya moyo, kisha zikatuma habari kwenye simu ya mwalimu. Kila mchezaji alikimbia peke yake asubuhi, na alasiri mwalimu akapanga mazoezi kulingana na alichosoma. Jambo zuri sana hilo. Lingekuwa zuri kama si mwenzao Bosibori!

"Bosibori amewaacha nyuma tena," mwalimu alitangaza uwanjani, akiitabasamia simu. "Ametoka kuugua homa ya mapafu juzi tu! Nyinyi wazima mna kisingizio gani? Haya, pandeni kilima. Mkishuka, mpande tena."

"Ai, mwalimu!" timu nzima ililia.

Celine, kapteni wao, alipanda amekunja uso. Jerusa, kipa, alitapika kando ya njia. Na huyo Bosibori wa kusifiwa alikuwa wapi? Nyuma kabisa, mkono kiunoni, akivuta pumzi kwa shida.

"Wewe, hizo mbio zako za asubuhi unazikimbilia wapi?" Celine alimuuliza. "Mbona hatukutani?"

"Napitia njia ya chini," Bosibori alijibu bila kumtazama.

Mechi na timu ya Longisa ilikuwa Jumamosi. Kwa vilima hivi wangefika huko wakichechemea! Kesho yake Celine alishika hiyo njia ya chini, akakimbia mpaka nyumbani kwa kina Bosibori. Njia nzima hakukuta mtu.

Shambani, kando ya nyumba, alimkuta Mama Bosibori, kapu mgongoni, mikono yote miwili ikichuma majani upesi upesi. Kwenye mkono wa kushoto alikuwa amevaa saa nyeusi.

"Habari ya asubuhi, Mama?"

"Nzuri, mwanangu. Umemjia rafiki yako? Bado amelala."

"Amelala? Na hiyo saa?"

"Hii? Ameniomba nimtembezee. Anasema ikikaa bure inaharibika." Mama aliinua mkono kwa fahari. "Na inanipongeza! Nikichuma kidogo tu, inawaka taa."

Celine hakujua acheke au alie. Vilima vyote vile! Kumbe kila mkono ulipochuma saa ilihesabu hatua, na timu nzima ilikuwa ikishindana na mama wa watu anayechuma chai!

Bosibori akatokea mlangoni amejifunika leso. Alipomwona Celine, alisimama pale pale.

"Jerusa alitapika jana kwa sababu yako!" Celine alifoka. "Miguu yangu inawaka moto kwa sababu yako! Tumekukosea nini?"

Bosibori alianza kulia. "Nikikimbia asubuhi, alasiri siwezi kusimama. Mwalimu akijua, nafasi yangu atampa mwingine. Nimeingoja mechi hii tangu nikiwa kitandani, Celine."

Mama alitua kapu chini. "Kumbe mimi nami ulinidanganya," alisema. "Leo utamwambia mwalimu. Utasema wewe mwenyewe. Celine hatakusaidia."

Alasiri hiyo Bosibori alisema yote mbele ya timu. Jerusa alitupa glavu chini kwa hasira. Mwalimu Omollo aliitazama simu, akamtazama Bosibori, akajishika kichwa.

"Na mimi nimekosa!" alisema. "Nilikuona kwa macho yangu unahema, nikaamini simu. Nisameheni, wote. Leo hakuna kilima." Kisha akamwambia Bosibori kwamba Jumamosi angeanzia kwenye benchi.

Jumamosi ilifika. Longisa walitangulia kufunga. Karibu na mwisho mwalimu alimwingiza Bosibori, naye akapenya na mpira upande wa kushoto, akampa Celine pasi safi. Bao! Uwanja ulilipuka. Lakini kabla kipenga cha mwisho hakijalia, Bosibori mwenyewe aliinua mkono. "Mwalimu, nimechoka. Nitoe." Akatoka, na mechi ikaisha sare.

Mama yake alikuwa pembeni na leso mkononi. Alimfuta jasho.

"Umewaona pale kituoni tunakopimiwa chai wale wanaonyunyizia majani maji ili yawe mazito," alisema. "Karani akitia mkono, anayakataa. Na hata asipogundua, maji yale hayatakuwa chai. Mwalimu alikupa saa ajue umechoka, akupumzishe. Wewe ukampelekea nguvu zangu. Ungeanguka kwenye kilima kile, nani angejua kwamba mwili wako umeshindwa? Sema ukweli juu ya mwili wako, mwanangu, ndipo watu waweze kukusaidia."

Bosibori aliitazama saa. "Leo hatua ni chache sana, Mama."

"Ni chache," Mama alijibu, "lakini leo umezitembea wewe."

Celine alikuwa ameketi kando, akijikanda miguu. "Na wewe Mama," alinung'unika, "usiivae tena hiyo saa, tafadhali. Umetumaliza!"