Anitha Hakuifungua Safari ya Busan

Haya yalimpata mdogo wangu Anitha, wa tumbo moja na mimi. Asiyetaka kuamini na aache. Mimi ndiye niliyempikia uji ule.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida nyumbani kwake Zuzu. Nilikuwa mkekani nikibambua karanga, naye kajilaza kwenye kochi na simu, anapanga safari ya Busan, mji wa bandari huko Korea. Ofisi iliwahi kumpeleka kozi nchi hiyo, na Busan akaiona kwa dirisha la basi tu. Akamwahidi mumewe, Abeli, kwamba watakwenda wawili, wakae siku chache bila kufanya lolote.

Abeli alikuwa bwana shamba, mtoto wa kijiji cha Buigiri. Magoti yake yalikuwa mabovu tangu ujanani, na uji aliunywa kwa chumvi badala ya sukari, tukimtania kwamba ni ng'ombe anayelamba magadi. Tiketi walishanunua. Kisha lori likamgonga, tukamzika.

Anitha hakulia. Hakulia kaburini, hakulia tulipoanua matanga. Watu walimwambia ajikaze, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilipomuuliza anajisikiaje, alijibu, "Sijisikii, dada. Nimekuwa kama mguu uliokufa ganzi."

Sasa, Jumamosi hiyo, alikuwa akisoma mipango yake kwa sauti ya chini. "Siku ya kwanza hatutoki. Tunalala, jioni tunakaa mchangani. Kesho yake soko la samaki, supu, basi. Halafu kile kijiji cha nyumba za rangi, kule mlimani." Akatega sikio pembeni, kama mtu anayeambiwa jambo. "Haya, mlimani tuache. Magoti yako."

"Magoti ya nani?"

"Eh?"

"Umesema magoti yako. Ya nani?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa, akarudi kwenye simu. Nikaendelea na karanga.

Jumapili baada ya ibada akaja mkwewe, Mama Restuta, mama mzazi wa Abeli. Nikamvuta jikoni nikamweleza. Akashika fremu ya mlango.

"Pale kaburini," alinong'ona, "aliifungua hiyo safari?"

Kwenye ukoo wao kuna jambo hilo. Mume au mke anayebaki, kabla kaburi halijafukiwa, hushika konzi ya udongo akataja kwa sauti kila walichopanga kikaishia njiani. Iwe nyumba, iwe ng'ombe, iwe safari. "Hili nalifungua." Ndipo anautupa udongo. Kisichofunguliwa, marehemu hukingojea. Na ukienda naye, mnakwenda wawili anarudi mmoja.

Nikaikumbuka siku ile. Anitha alishika udongo, akasimama. Mdomo haukufunguka. Mchungaji alidhani ni uchungu, akamshika mkono, na udongo ukamwagika wenyewe.

"Bado inawezekana," alisema Mama Restuta. "Twende akaifungue."

Kesho yake tulikuwa Buigiri, kaburini kwa Abeli, jua la utosi, hakuna hata upepo. Anitha aliinama, akachota konzi ya ule udongo mwekundu. Akaufumbata. Niliogopa. Nilimpenda mdogo wangu, na nilitaka arudi nyumbani, hata kama angerudi bila machozi maisha yake yote.

"Sema, mwanangu," Mama Restuta alimbembeleza. "Sema naifungua."

Anitha akasema, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake chumba cha pili, "Tunaondoka Alhamisi. Chukua sweta, kuna baridi."

Akautia udongo mfukoni mwa gauni.

Nilimsihi. Nilipoona hasikii, nikaificha pasipoti yake chini ya gunia la uwele. Asubuhi ya safari niliikuta mezani, imepanguswa vumbi. Sikumuuliza aliipataje.

"Anitha, usiende."

"Dada, sina tena pa kuumia. Niache nikakae tu."

Akaenda. Alituma picha. Bahari ya kijivu. Soko la samaki. Mabakuli mawili ya supu, yote matupu. Nilipompigia alisema anapumzika vizuri, na nyuma yake nikasikia mtu akikohoa.

Kisha akarudi.

Alishuka kwenye gari mlangoni, mzima, na begi lake. Nililia kwa furaha, nikamkumbatia. Alikuwa wa baridi. Nikasema ni uchovu wa ndege. Mama Restuta alikuwepo sebuleni. Anitha alipanda kidato cha mlango kwa kushika ukuta, akaketi polepole, akaanza kulisugua goti.

Nikamletea uji wa uwele, wenye sukari nyingi anavyoupenda tangu utoto. Akaonja. Akaweka kikombe chini.

"Shemeji," aliniambia, "naomba chumvi."

Anitha hakuwahi kuniita hivyo. Angeniitaje? Aliyeniita shemeji nyumba ile alikuwa mmoja.

Nilimtazama Mama Restuta. Yeye hakunitazama. Aliinuka, akaleta chumvi, akaitia mwenyewe, akakoroga taratibu. Akampapasa kichwa.

"Kunywa, mwanangu," alisema, huku machozi yakimtiririka. "Kunywa, baba."

Simu yangu ikatetema. Ujumbe, kutoka namba ya Anitha. Simu ya Anitha ilikuwa mezani mbele yangu, imezimika kwa kuisha chaji.

Picha ile ninayo mpaka leo. Mwanamke ameketi peke yake ufukweni, ameipa kamera mgongo, amevaa gauni la mdogo wangu. Chini ya picha kuna maneno machache: Dada, huku kumetulia. Nakaa tu. Na pembeni ya mwanamke huyo, juu ya mchanga ule mweupe, kuna konzi moja ya udongo mwekundu.