Nafasi ya Sylvia Makhanu

Saa tatu asubuhi, Jumatano moja ya Oktoba 1996, Sylvia Makhanu aliambiwa kwamba ameshasajiliwa siku tisa zilizopita.

Alikuwa amesimama kwenye dirisha la usajili la Chuo Kikuu cha Isiukhu, Kakamega, sanduku lake miguuni. Alipokataa kuondoka wakaita askari wa lango. Alipozidi kulia wakaita polisi.

Inspekta Osiako alikuja bila hamu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepeleleza wizi wa ng'ombe, wa miwa, hata wa kengele ya kanisa. Wizi wa mtu mzima, naye mwenyewe yupo pale analia, ulikuwa mgeni kwake.

"Jina?"

"Sylvia Makhanu, afande. Natoka Lumakanda."

"Na huyo mliyemsajili, madam?"

Msajili, Bi. Jerotich, alikuwa mwanamke aliyezijua kanuni za chuo kama wengine wanavyoijua Sala ya Bwana. Akafungua faili. "Sylvia Makhanu. Anatoka Lumakanda. Namba ya mtihani ni hiyo hiyo. Namba moja, mwanafunzi mmoja. Na usajili unafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo nafasi inafutwa."

"Picha yake iko wapi?"

"Picha zote zimepelekwa kutengenezewa vitambulisho."

Osiako alimgeukia msichana. "Barua ya kuitwa uliipata?"

"Sikuipata. Barua zetu hupitianga sanduku la posta la shule ya msingi. Juzi tu mwalimu wangu ameniambia jina langu limebandikwa shuleni."

"Nani huzichukua kutoka shuleni?"

"Yeyote wa nyumbani anayeenda sokoni."

Inspekta alitoa hati ya matokeo ndani ya faili, akaiinua kwenye mwanga. Karatasi halisi, muhuri halisi. Hakuna kilichoghushiwa.

"Hati yako uliiweka wapi?"

"Kwa sanduku la bati, chini ya kitanda cha mama. Mama amepooza, afande. Hatokangi hapo."

Basi mwizi alikuwa ameinama chini ya kitanda cha mgonjwa na mgonjwa hakupiga kelele. Kikulacho ki nguoni mwako, na Osiako alianza kuhisi kinavyotambaa.

Karatasi ya mwisho ndani ya faili ilikuwa fomu ya zahanati. Hiyo hajazi mwanafunzi. Hujazwa na muuguzi wa chuo baada ya kumpima mtu kwa macho na mikono yake. Osiako akaisoma kwa sauti.

"Kimo, futi tano na inchi saba. Kovu kubwa la moto, kiganja cha kulia."

Sylvia, ambaye hata futi tano na nusu hakuzifikia, aliacha kulia ghafla.

"Unamjua," alisema Osiako.

"Simjui."

"Sikukuuliza. Nimekuambia unamjua."

"Afande, nimekosea. Wacha nirudi nyumbani."

"Na Ijumaa?"

Sylvia aligeukia mlango. Alikuwa ameshika sanduku lake kwa mikono miwili.

Ukumbi wa mihadhara wa Idara ya Elimu, iliyotajwa ndani ya faili, ulikuwa umejaa vijana wapatao mia mbili. Yule aliyetafutwa alikuwa mstari wa mbele kabisa. Wengine walisinzia, wengine walichekeana. Yeye aliandika bila kuinua kichwa, kama mtu anayevuna kabla mvua haijanyesha. Aliwapita wenzake kwa miaka mitano au sita, na paji lake la uso lilikuwa la Sylvia kabisa.

Osiako angeweza kuingia na pingu. Badala yake alisimama mlangoni mpaka mhadhara ukaisha. Mwenyewe hakujua kwa nini.

"Sylvia Makhanu?"

"Ndiye mimi."

"Nionyeshe kiganja cha kulia."

Mwanamke akamtazama, kisha akatoa mikono yote miwili pamoja, tayari kwa pingu. Kiganja cha kulia kilikuwa kimejikunja kwa kovu.

"Naitwa Teresa," alisema. "Sylvia ni mdogo wangu."

Kituoni, Osiako alimkalisha na kufungua kitabu cha taarifa.

"Unatuhumiwa kujifanya mtu mwingine na kutumia hati zisizo zako. Si lazima useme lolote, lakini utakalosema litaandikwa na linaweza kutolewa mahakamani. Umeelewa?"

"Kiswahili nilipata A, afande."

"Dada yako amekataa kuandikisha taarifa. Anakuficha. Ukinyamaza na wewe, Ijumaa nafasi yake imekwenda. Ukiungama, ataingia."

"Unaahidi?"

"Naahidi."

Lilikuwa neno la haraka, na angelijutia kabla ya wiki kuisha.

"Basi andika," alisema Teresa. "Mwaka wa tisini na moja mimi pia niliitwa hapa. Elimu, vile vile. Baba ndiye aliyeichukua barua shuleni. Mama alikuwa na miezi miwili tangu apooze. Baba akaisoma, akaitia motoni. Nikaingiza mkono."

"Ukaitoa?"

"Nilitoa kipande chenye muhuri. Kidonda kilipoanza kukauka nilikuja na kipande hicho. Ilikuwa siku ya kumi na tano. Dirisha ni lile lile. Wakasema asiyeripoti kwa wiki mbili amepoteza nafasi. Nikaandika barua tatu za kuomba. Wakajibu moja: nafasi iliyopotea hairudishwi."

"Halafu?"

"Halafu nikamwosha mama miaka mitano. Nikamlisha, nikamgeuza. Sylvia akasoma. Mwezi wa tisa nilienda sokoni, mwalimu akanipa barua. Nikajua baba akiiona, ni motoni tena."

"Ungempa mwenyewe kwa siri."

"Siku mbili niliishika nikitaka kumpa. Ya tatu nikaona wivu. Andika hivyo hivyo, usiniandikie huruma. Nilijiuliza kwa nini awe yeye. Nikatoa hati zake kwa sanduku, mama akinitazama. Nikawaambia nimepata kazi ya duka Eldoret."

"Ni dada yako, Teresa."

"Na mimi nilikuwa dada yake."

Alitia sahihi kwa mkono wa kushoto. Mwenye kovu usidhani kapoa, alijiambia Osiako, na hasira aliyokuwa amemtunzia mwizi ilikosa mahali pa kutua.

Alidhani kazi imekwisha. Alhamisi alimpelekea Bi. Jerotich ungamo lile. Msajili alilisoma hadi mwisho, akalirudisha.

"Pole zao. Lakini ungamo ni la polisi. Wakidai jina wawili, kanuni inataka tamko la mzazi, amtambue mwenyewe mbele yangu."

"Mama hawezi kutoka kitandani. Chifu je?"

"Kanuni inasema mzazi."

Osiako alipiga simu kituo cha Lumakanda. Ijumaa saa tisa alasiri mzee Makhanu akaletwa ofisini kwa msajili, amevaa koti la kanisani. Sylvia alikuwa ameketi kwenye benchi. Alisimama kumwamkia, na baba akaitikia kwa upole.

"Mzee, huyu ni nani?" aliuliza Osiako.

"Ni mtoto wangu. Sylvia."

"Basi weka sahihi hapa, aanze masomo."

Makhanu hakuigusa kalamu. "Afande, mimi sina ubaya na mtu. Mimi hulimanga mahindi yangu. Lakini mama yao tangu juzi anaoshwa na jirani, Awinja, na Awinja ana nyumba yake. Mwanaume haezi kuosha mwanamke. Huyo mkubwa mmemfunga. Huyu nikimpatia chuo, nani atabaki?"

"Mzee, amefaulu!"

"Hata Teresa alifaulu." Sauti yake ilikatika, na machozi yakamtoka kwelikweli. "Mmoja amechukuliwa na serikali. Mnataka wa pili?"

"Baba," alisema Sylvia. "Tafadhali."

"Beba sanduku, mama. Twende."

Osiako alimfokea. Alimtisha kwa jela. Alipekua kichwani sheria zote alizozijua akitafuta kifungu cha kumfungia mzee yule, na hakukipata. Aligonga meza hadi wino ukamwagika. Saa kumi na moja Bi. Jerotich alitazama saa ya ukutani, akapiga mstari juu ya jina, akashusha pazia la dirisha.

Teresa alikuwa amesimama kwenye nondo za seli akimsubiri.

"Ameingia?"

"Hapana."

"Baba?"

"Baba."

"Na nafasi amepewa nani?"

"Hakuna. Imefutwa."

"Kwa hiyo kiti changu kiko tupu tu?"

"Kiko tupu."

Teresa alimtazama bila chuki, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Basi afande," alisema, "ungeniacha nikae."